Abate kwenye mti wa ukoo: tunajibu barua zenu

Wanaofuatilia nasaba za Uingereza, wengine kwa ajili ya ndoa na wengine kwa ajili ya babu aliyehama, mara nyingi hufika mahali wakakutana na abate: mkuu wa monasteri aliyeishi miaka 600 au 800 iliyopita. Barua za mwezi huu karibu zote zinamhusu yeye. Zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Mti wa ukoo wa mume wangu, ambao binamu yake aliupakua mtandaoni, una abate wa Kibenediktini aliyekufa mwaka 1412. Ameandikiwa mke na watoto wanne, na mume wangu anatokana na yule wa tatu. Je, abate aliruhusiwa kuoa?

JIBU: Hakuruhusiwa. Mmonaki aliweka nadhiri ya kuishi bila mke, na Mtaguso wa Pili wa Laterano wa mwaka 1139 ulitamka kwamba ndoa ya mmonaki au ya padre si ndoa hata kidogo. Kwa hiyo mti huo una kosa. Kazi iliyobaki ni kulitafuta.

Anza na watoto. Kama wameandikiwa siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, jiulize tarehe hizo zimetoka wapi. Vitabu vya ubatizo vya parokia vilianza Uingereza mwaka 1538, kwa agizo la Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry wa Nane. Miaka ya 1380 mtoto aliyeweza kuacha tarehe ya kuzaliwa ni, kwa kawaida, mrithi wa mtu aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme, kwa sababu umri wake ulithibitishwa kwa kiapo cha mashahidi kabla hajakabidhiwa mali. Tarehe kamili za ndugu wanne wa kawaida ni za kubuni, au ni za watu wengine wa karne ya 16 waliosukumwa nyuma.

Kosa lenyewe huingia kwa njia chache, na zinajirudia mno. Ya kwanza ni watu wawili wenye jina moja kuunganishwa kuwa mmoja: John wa kijiji fulani aliyekuwa na mke, na John wa kijiji hicho hicho aliyeingia utawa. Ya pili ni jina la ukoo Abbott, ambalo lilipewa mtumishi wa abate, au mtu aliyetaniwa kwa kujifanya mkubwa, nalo halisemi lolote kuhusu cheo. Ya tatu ni Kilatini. Neno *nepos* katika hati huweza kuwa mtoto wa ndugu au mjukuu, na mtafiti mwenye haraka huchagua mjukuu. Mtu ambaye hati inamtaja kama *nepos* wa abate karibu kila mara ni mtoto wa kaka au dada yake. Mrudishe huyo mahali pake, uone kama mstari wa mume wako haujanyooka. Mara nyingi hunyooka: abate hapotei kwenye mti, anahama tu kutoka babu wa moja kwa moja kwenda kuwa ndugu wa babu.

Mianya ipo, lakini ni myembamba, na kila mmoja unadai ushahidi wake.

Kabla ya karne ya 12 mapadre wengi wa Uingereza walikuwa na wake, na parokia zilirithiwa baba kwa mwana. Aelred, abate wa Rievaulx kati ya 1147 na 1167, alikuwa mtoto wa padre Eilaf wa Hexham, aliyetoka kwenye ukoo wa mapadre. Hapo baba wa abate anatafutika. Watoto wa abate hawapo. Mwanya wa pili ni mjane, au mtu aliyeachiliwa na mkewe kwa ridhaa yake, akaingia utawa uzeeni. Watoto aliowazaa kabla ya nadhiri ni halali kabisa, ila lazima uonyeshe kwa hati kwamba mume yule na mmonaki yule ni mtu mmoja. Mwanya wa tatu ni watoto wa nje. Clarembald, aliyewekwa kuongoza abasia ya St Augustine ya Canterbury na kuondolewa mwaka 1176, alituhumiwa na waliomchunguza kuwa na watoto 17 katika kijiji kimoja. Tuhuma ilibaki kwenye barua. Hakuna hata mtoto mmoja kati yao ambaye mtu wa leo anaweza kumfuata.

Na kuna abate mmoja ambaye kweli ana kizazi kikubwa, naye miti ya Kiingereza humfikia mara kwa mara: Crínán wa Dunkeld, aliyefariki 1045, baba wa mfalme Duncan wa Kwanza. Huyo alikuwa wa Uskoti, na uabate wake ulikuwa cheo cha urithi cha mtu wa kidunia mwenye ardhi na askari. Usimtumie kuhalalisha abate wa Kiingereza wa karne ya 15.

SWALI: Nimeandika kwenye mti wangu "Abate wa Durham, 1350". Nimeambiwa haiwezekani. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu Durham haikuwa na abate. Pale kanisa kuu la askofu lilipoendeshwa na wamonaki, askofu ndiye aliyehesabiwa kushika nafasi ya abate, na aliyewaongoza wamonaki kila siku aliitwa priori. Ndivyo ilivyokuwa Canterbury, Durham, Winchester, Worcester na Norwich. Ely ilikuwa na maabate hadi ilipofanywa makao ya askofu mwaka 1109. Ukiona "abate wa Ely" wa baada ya hapo, chora mstari juu yake.

Vivyo hivyo katika mashirika mengine ya watawa: Wakartusi waliongozwa na mapriori, na nyumba nyingi za Wakluni nchini Uingereza, kama Lewes na Wenlock, zilikuwa chini ya mapriori kwa sababu abate wao alikuwa Cluny, Ufaransa. Wafransisko na Wadominiko hawakuwa na maabate kabisa. Wasisteri (wamonaki wa shirika la Cistercian) na Wapremontre walikuwa nao. Waaugustino walichanganya: nyumba nyingi zilikuwa na priori, lakini Cirencester na Waltham zilikuwa na abate. Kukagua jambo hili kunachukua dakika kumi, na miti mingi huangukia hapa.

SWALI: Tumethibitisha kwamba kaka wa babu yetu wa mbali alikuwa abate katika karne ya 12. Maisha yake yalikuwaje hasa? Alikuwa anasali tu?

JIBU: Kusali kulikuwa kazi ya wamonaki wote: sala ya usiku, kisha vipindi saba vya mchana, tangu alfajiri hadi kulala. Abate alipaswa kuwepo, lakini mara nyingi hakuwepo, kwa sababu alikuwa pia bwana wa ardhi, hakimu, mwajiri, na mdaiwa au mdai wa watu wengi.

Anayejulikana kuliko wote ni Samson, abate wa Bury St Edmunds kuanzia 1182 hadi 1211, kwa sababu mmonaki wake Jocelin wa Brakelond, aliyekuwa padre wake wa nyumbani, aliandika alichokiona. Samson alikuwa wa kimo cha wastani, na uso wake haukuwa wa mviringo wala mrefu. Alikuwa na kipara karibu kichwa kizima, pua iliyojitokeza, midomo minene, ndevu nyekundu zenye mvi chache. Ndani ya miaka 14 zilikuwa nyeupe pe. Alipenda maziwa na asali na vitu vitamu. Alihubiri watu kwa Kiingereza cha Norfolk, lafudhi ya alikozaliwa. Jocelin anasema siku ya kuchaguliwa alikuwa na miaka 47 na alikuwa mtawa kwa miaka 17, na maneno hayo mawili yanatosha kwa mtu wa nasaba: alizaliwa mnamo 1135, akaingia utawa mnamo 1165.

Alichokikuta kwenye kiti ni madeni. Mtangulizi wake Hugh alikopa kwa riba, na maofisa wa monasteri nao walikopa kila mmoja kwa muhuri wake. Samson akakusanya mihuri, akazunguka milki zote kuangalia ghala, mifugo na mapaa yaliyovuja, na akaamuru yaandikwe yote yaliyodaiwa kwa kila mpangaji. Kisha palikuwa na wapiganaji wapanda farasi. Abasia ilitakiwa kumpa mfalme 40 wakati wa vita, huku ikiwa imegawa ardhi kwa 50, na wenye ardhi hizo wakadai wagawane mzigo wa 40 tu. Samson alishtaki hadi wote 50 wakakubali kulipa kikamilifu. Hizo ndizo siku za abate: kesi, hesabu, farasi, na sala alipopata nafasi.

Sasa kipande kinachokuhusu wewe. Jocelin anaeleza kwamba Samson alipochaguliwa tu, ndugu wakaota kama uyoga: umati wa watu wakaja kumpokea wakidai wao ni jamaa, wakiomba kazi. Aliwakatalia karibu wote, akambakiza mpanda farasi mmoja mwenye ulimi na ujuzi wa sheria, na hata huyo alimweka zaidi kwa faida yake kuliko kwa undugu. Aliwakumbuka waliomtendea wema alipokuwa maskini, akiwemo padre aliyemsomesha Paris kwa fedha zilizotokana na maji ya baraka. Kwa hiyo cheo kilichotolewa na abate si ushahidi wa damu. Aliyepewa parokia au shamba anaweza kuwa mpwa, na anaweza kuwa mtoto wa mtu aliyewahi kumpa abate chakula.

Usidhani pia kwamba abate lazima alitoka kwa wakubwa. Wengine ndiyo: Henry wa Blois, abate wa Glastonbury kuanzia 1126, alikuwa mjukuu wa William Mshindi, na Gervase, abate wa Westminster kuanzia 1138, alikuwa mtoto wa nje wa mfalme Stephen. Lakini Richard wa Wallingford, aliyeongoza St Albans kuanzia 1327 hadi 1336 na kubuni saa kubwa ya falaki ya abasia hiyo, alikuwa mtoto wa mhunzi. Baba yake alipokufa, priori wa Wallingford alimchukua na kumpeleka Oxford.

SWALI: Nitafute wosia wake wapi?

JIBU: Usitafute. Katika sheria ya Uingereza mmonaki alihesabiwa amekufa siku alipoweka nadhiri. Hakumiliki, hakurithi, hakurithisha, na mali yake ilikwenda kwa warithi kana kwamba amezikwa. Abate aliweza kushtaki na kushtakiwa, lakini kwa niaba ya nyumba. Alipokufa hapakuwa na wosia wala lile baraza la uchunguzi wa ardhi lililoitishwa mtu wa cheo alipofariki.

Jambo hili hili lina faida. Ukiona katika familia yenye ardhi mtoto wa kwanza anatoweka, mdogo wake anarithi, na hakuna dalili ya kifo, fikiria utawa. Kisha soma wosia wa wengine: baba, mama, dada, mjomba. Mara nyingi utakuta wameacha shilingi kadhaa, kikombe cha fedha au joho kwa "mwanangu, mmonaki wa mahali fulani". Mstari mmoja kama huo una thamani kuliko miti kumi ya mtandaoni. Wosia zilizothibitishwa katika mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Kew, kundi PROB 11, kuanzia 1384. Za watu wa kawaida zaidi ziko kwenye hifadhi za kaunti.

SWALI: Nina jina la abate, jina la abasia na karne tu. Nifanye nini, hatua kwa hatua?

JIBU: Hatua ya kwanza haimhusu abate. Jenga mstari wako kutoka leo kurudi nyuma bila kuruka: usajili wa serikali hadi Julai 1837, sensa zenye majina hadi 1841, vitabu vya parokia hadi 1538 pale vilipobaki. Zaidi ya hapo utategemea hati za ardhi, wosia na madaftari ya mabaraza ya mashamba ya mabwana. Wengi huanza na abate wakateremka kuelekea kwao, wakichagua kila njia panda inayowapendeza. Ukianza juu utafika kwako daima, hata kama si kweli.

Ukishafika karne ya 15 kwa miguu yako, ndipo umshike abate. Tafuta orodha ya maabate wa nyumba hiyo. Mfululizo wa historia za kaunti za Uingereza, Victoria County History, una sura za nyumba za watawa, na kila sura kwa kawaida huishia na majina na miaka; juzuu nyingi zinasomeka bure mtandaoni. Ipo pia orodha ya kitaalamu ya wakuu wa nyumba zote za Uingereza na Wales katika juzuu tatu, kutoka 940 hadi 1540, iliyochapishwa Cambridge. Hiyo ndiyo ya kuaminiwa pale tarehe zinapogongana.

Halafu fuata uchaguzi wake. Kwa abasia zilizokuwa chini ya mfalme mambo yalikwenda hivi: abate akifariki, wamonaki wawili au watatu walipanda farasi kwenda kwa mfalme kuomba kibali cha kuchagua, wakachagua, mfalme akaridhia, askofu, au papa kwa nyumba zilizokuwa nje ya mamlaka ya askofu, akathibitisha, mwishoni mfalme akarudisha mali alizozishikilia wakati kiti kikiwa wazi. Karibu kila hatua iliacha maandishi. Maombi ya wamonaki yako Kew, kundi C 84. Vibali, ridhaa na amri za kurudisha mali viko kwenye Patent Rolls, yaani madaftari ya barua za wazi za mfalme, kundi C 66, na muhtasari wake wa Kiingereza umechapishwa. Hapa utapata tarehe kwa wiki, wakati mwingine kwa siku. Ila angalizo: nyumba iliyokuwa na mlezi mwingine, bwana au askofu, haikuhitaji kibali cha mfalme, na Wasisteri walikuwa na taratibu zao. Kutomkuta kwenye C 66 hakumaanishi hakuwepo.

Kisha rejista za maaskofu, sehemu ya upadrisho. Mmonaki aliandikwa alipopewa ushemasi mdogo, ushemasi na upadre, na nyumba yake ikatajwa. Tangu Mtaguso wa Vienne wa 1311 mtu alitakiwa awe katika mwaka wake wa 18 kwa ushemasi mdogo, wa 20 kwa ushemasi na wa 25 kwa upadre, yaani awe ametimiza angalau miaka 17, 19 na 24. Toa umri huo kwenye mwaka wa daraja, upate mwaka ambao hakuzaliwa baadaye yake. Usiuchukue kama hesabu ya mwisho: baada ya Tauni Kuu watu walipungua mno hata vibali vya kupewa upadre kabla ya umri vikatolewa. Mwaka 1349 St Albans ilimpoteza abate Michael na zaidi ya wamonaki 40. Pengo la ghafla kwenye orodha ya abasia yoyote mwaka huo halihitaji maelezo mengine.

Usisahau Vatikano. Mtoto wa nje ya ndoa alihitaji ruhusa ya papa ili apewe daraja au cheo, na barua hizo hutaja aina ya wazazi: mtu asiyeoa na mwanamke asiyeolewa, au padre na mwanamke asiyeolewa. Ni ushahidi mkavu wa wazazi ambao ukoo wenyewe usingeuandika popote. Muhtasari wa barua zinazohusu Uingereza umechapishwa.

Mwisho, na hapa ndipo undugu unapoonekana, soma daftari la hati za abasia, lile lenye nakala za mikataba ya ardhi. Angalia mashahidi. Mlei mwenye jina la kijiji alichotoka abate, anayetokea mara tano au sita enzi za abate huyo tu kisha akatoweka, ni mtu wa kumchimba. Wasimamizi wa milki mara nyingi walikuwa jamaa. Jihadhari na *frater*: mbele ya jina la mmonaki maana yake ni bradha wa kitawa. Ndugu wa damu huandikwa *frater germanus* au *frater carnalis*, au hutajwa kama "ndugu wa abate" akiwa mlei. Tumeona miti ambamo wamonaki 12 wa nyumba moja wamefanywa watoto wa baba mmoja kwa sababu ya neno hilo.

Na hesabu kidogo ya kutuliza moyo. Kutoka 1400 hadi leo ni vizazi kama 20, yaani nafasi 1,048,576 za mababu, wakati Uingereza yote ya 1400 haikuzidi sana watu milioni mbili na nusu. Mtu mwenye asili ya Kiingereza ana undugu wa mbali na maabate kadhaa bila shaka. Kinachotafutwa ni yupi, na kwa njia ipi.

SWALI: Baba anaitwa Bostock, mtoto ni abate John Whethamstede. Ni baba yake kweli?

JIBU: Ndiyo. Wamonaki wengi waliacha jina la ukoo na kuitwa kwa mahali walipotoka. John, mtoto wa Hugh Bostock, alitoka Wheathampstead katika Hertfordshire, akawa abate wa St Albans kuanzia 1420 hadi 1440, na tena kuanzia 1452 hadi alipofariki 1465. Usiwafanye maabate wawili: ni mtu mmoja aliyejiuzulu akarudi.

Karne ya 16 hati huandika majina yote mawili. Abate wa mwisho wa Reading ni Hugh Cook, ambaye pia ni Hugh Faringdon. Wa Colchester ni Thomas Marshall, ambaye pia ni Beche. Wa Bury ni John Reeve, ambaye pia ni Melford. Tafuta kwa majina yote, na unapofuata familia fuata Cook, Marshall na Reeve. Faringdon na Melford ni miji, na mtu mwingine kutoka mji huo huo angeitwa hivyo hivyo bila undugu wowote.

SWALI: Hati ya abasia ya Waltham kujisalimisha kwa mfalme inasomeka 1539 mahali pengine, 1540 pengine. Ipi sahihi?

JIBU: Zote, kwa kalenda mbili. Hadi 1752 mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza 25 Machi. Waltham, abasia ya mwisho kufungwa, ilijisalimisha tarehe 23 Machi, siku mbili kabla ya mwaka mpya wao, kwa hiyo kwao ulikuwa bado 1539 na kwetu ni 1540. Wewe andika 23 Machi 1539/40. Kwa miaka ya utawala, Henry wa Nane alianza kuhesabu 22 Aprili 1509. Mwaka wake wa 31 ni kutoka 22 Aprili 1539 hadi 21 Aprili 1540.

SWALI: Abate wa mwisho aliyefukuzwa na Henry wa Nane alikwenda wapi? Aliweza kuoa baadaye?

JIBU: Inategemea alivyotia saini. Sheria ya 1536 ilifunga nyumba zenye mapato chini ya paundi 200 kwa mwaka. Kubwa zilishawishiwa au kutishwa hadi zikajisalimisha moja moja. Aliyekubali alipewa pensheni. John Reeve wa Bury aliahidiwa maki 500 kwa mwaka, ambazo ni paundi 333, shilingi 6 na peni 8, maana maki moja ilikuwa shilingi 13 na peni 4. Alifariki mwaka 1540 bila kuzifaidi. Wengine walipewa vyeo katika kanisa jipya: John Wakeman wa Tewkesbury akawa askofu wa kwanza wa Gloucester mwaka 1541. Walioshikwa kama wasaliti waliuawa. Hugh wa Reading aliuawa 14 Novemba 1539, Richard Whiting wa Glastonbury siku iliyofuata juu ya kilima cha Tor, na Thomas wa Colchester 1 Desemba.

Kuhusu ndoa, nadhiri ya useja iliendelea kuwabana hata baada ya nyumba kufungwa. Sheria ya Vifungu Sita ya 1539 ilifanya uvunjaji wake kuwa kosa kubwa la jinai. Ndoa za mapadre ziliruhusiwa 1549 chini ya Edward wa Sita. Malkia Mary alipoingia madarakani mwaka 1553 ruhusa ikafutwa, na waliooa wakanyang'anywa parokia zao. Mmonaki aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1539 angeweza kabisa kuoa na kuzaa miaka kumi baadaye. Abate, ambaye mara nyingi alikuwa na 50 au 60, ni vigumu zaidi, ila wakuu wengine wa nyumba walioa. William Barlow, aliyekuwa priori wa Bisham kisha askofu, aliacha mabinti watano, na wote watano wakaolewa na watu waliokuja kuwa maaskofu. Kizazi hicho kinafuatika kwa hati.

Orodha za pensheni ziko Kew katika vitabu vya mahakama ya mapato ya abasia, kundi E 315, na hati za kujisalimisha, nyingi zikiwa na saini za wamonaki wote, kundi E 322. Soma pia mikataba ya kukodisha mashamba ya miaka ya 1530. Maabate waliona mvua inakuja, wakawakodisha kaka na wapwa zao mashamba kwa miaka mingi na kodi ndogo. Jina la mpangaji wa miaka hiyo ni pa kuanzia pazuri kuliko nasaba iliyoandikwa miaka mia baadaye.

SWALI: Kaburi la abate wetu lina ngao yenye nembo mbili, kushoto na kulia. Mtaalamu mmoja amesema ya kulia ni ya mke wake. Kumbe alikuwa na mke?

JIBU: Hapana. Mume na mke waliunganisha nembo hivyo hivyo: ya mume kushoto kwako unapoitazama, ya mke kulia. Askofu na abate waliiga mpangilio huo, lakini kushoto waliweka nembo ya kiti, yaani ya jimbo au ya abasia, na kulia nembo yao wenyewe. Kwa hiyo ile aliyodhani ni ya mke ndiyo nembo ya abate, na huenda ndiyo ya familia yenu.

Hakikisha kwa kutazama nusu ya kushoto. St Albans ilitumia msalaba wa mshazari wa dhahabu kwenye samawati. Bury ilitumia mataji matatu ya dhahabu. Juu ya ngao tafuta kofia ya kiaskofu au bakora ya kichungaji. Ila hata nusu ya kulia si lazima iwe ya ukoo, kwani mtoto wa mkulima aliyepanda cheo alijibunia yake: Whethamstede alitumia masuke ya ngano, kwa kufuata jina la kijiji chake. Kabla hujaipeleka kwa fundi wa pete, tafuta kama kaka wa abate au watoto wa kaka huyo waliwahi kuitumia kwenye muhuri wa hati yoyote.